Jacques Brel: Alivyotokea kwa wimbo mmoja tu katika filamu ya nyimbo zake

Mwaka 1967 Jacques Brel aliachana na maonyesho ya muziki. Alikuwa na miaka 38, kumbi bado zinafurika, na wala hakuwa amechuja. Mbelgiji huyu aliyezaliwa Schaerbeek, Brussels, aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha maboksi cha familia yake kabla ya kwenda kujaribu bahati Paris. Sasa aliona heri aondoke kuliko kuanza kujirudia.

Miezi michache baadaye, Januari 1968, nyimbo zake zikapanda jukwaani New York bila yeye.

Eric Blau na Mort Shuman walizigeuza kwa Kiingereza na kuandaa onyesho la waimbaji wanne katika klabu ya Village Gate. Jina lake lilikuwa refu kweli kweli: Jacques Brel yu hai, mzima wa afya na anaishi Paris. Halikuwa na kisa. Wimbo ukiisha, unaingia mwingine. Watu walilipenda, likadumu zaidi ya miaka minne.

Kazi ilikuja walipotaka kulifanya filamu. Ukumbini, mwimbaji akisimama chini ya taa huku jasho linamtoka, inatosha. Kamera haitosheki hivyo, inataka pa kwenda. Sasa kama hakuna kisa, ionyeshe nini kwa zaidi ya saa moja na nusu?

Muongozaji Denis Héroux, raia wa Canada, alijaza pengo hilo kwa vituko na picha za kindotondoto. Waimbaji wakuu walikuwa watatu: Elly Stone, Joe Masiell na Shuman mwenyewe. Wanaimba vizuri, lakini mara nyingi picha zinagombana na maneno. Nyimbo za Brel tayari ni filamu ndogo: mabaharia wanakula na kulewa bandarini Amsterdam, wazee wamekaa wanasikiliza saa ya ukutani. Ukirundika picha nyingine juu yake, msikilizaji anapotea.

Halafu anatokea Brel. Ameketi, anaimba Ne me quitte pas kwa Kifaransa. Hapo hakuna vituko, ni uso wake na sauti basi. Filamu nzima, sehemu ya kurudia kuangalia ni hiyo.

Ilitoka mwaka 1975, na lile jina la utani likawa zito ghafla. Mwishoni mwa 1974 Brel alikuwa amegundulika na saratani ya mapafu na kufanyiwa upasuaji. Na Paris hakuwepo tena. Alikuwa baharini kwenye mashua yake ya matanga, Askoy, hadi akatia nanga Hiva Oa, katika visiwa vya Marquesas, Bahari ya Pasifiki.

Huko alinunua ndege ndogo akaiita Jojo, jina la rafiki yake aliyefariki, akawa anasafirisha barua na watu kati ya visiwa.

Alirudi Paris 1977 kurekodi albamu ya mwisho. Kabla haijaingia madukani, oda zilishafika milioni moja.

Alifariki Oktoba 9, 1978, akiwa na miaka 49. Kaburi lake liko Atuona, Hiva Oa, jirani na la mchoraji Paul Gauguin. Lile onyesho la New York bado linachezwa sehemu mbalimbali, na jina hawajalibadilisha.