Mbiyu Koinange: Shahada Iliyozaa Chuo

Peter Mbiyu Koinange alizaliwa Kiambu mwaka wa 1907, mwana wa chifu mashuhuri Koinange wa Mbiyu. Mwaka wa 1926 alijiunga na Shule ya Upili ya Alliance, iliyofunguliwa mwaka uo huo. Enzi hizo hapakuwa na chuo chochote Afrika Mashariki kilichotoa shahada. Aliyekuwa na kiu ya elimu ya juu hakuwa na budi kuvuka bahari.

Mwaka wa 1927 Koinange alielekea Marekani. Alianzia Hampton, Virginia, taasisi iliyoasisiwa kuwaelimisha watu weusi waliotoka utumwani. Kisha alisoma katika Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan, akahitimu mwaka wa 1934. Hakutosheka na shahada hiyo ya kwanza. Alijiunga na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mojawapo ya vitovu vikuu vya taaluma ya ualimu duniani, akatunukiwa shahada ya uzamili mwaka wa 1936. Hutajwa kuwa Mkenya wa kwanza kufikia kiwango hicho. Baadaye aliendelea na masomo nchini Uingereza, na mwaka wa 1938 akarejea nyumbani.

Alipata kwao pengo kubwa. Tangu mgogoro wa mwaka wa 1929 baina ya wamisheni na Wakikuyu, shule huru zilikuwa zimechipuka kwa wingi, ila walimu waliofuzu walikuwa haba. Mwaka wa 1939 Koinange aliongoza uanzishaji wa chuo cha walimu huko Githunguri. Hakikutegemea hazina ya serikali. Wananchi walikichangia kwa marika yao, na akina mama wakachanga fedha za kujenga bweni la wasichana. Jomo Kenyatta, aliyerejea kutoka Uingereza mwaka wa 1946, alikuja kukiongoza chuo hicho.

Mwaka wa 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa, chuo kikafungwa. Mahali palipofunzwa walimu pakasimikwa kitanzi cha kuwanyongea wapiganaji wa Mau Mau. Koinange, aliyekuwa Uingereza, alibaki uhamishoni kwa miaka kadhaa, huku babaye akitiwa kizuizini.

Baada ya uhuru wa mwaka wa 1963, Koinange alihudumu katika baraza la mawaziri, na kwa muda akaiongoza Wizara ya Elimu. Hivyo, mtu aliyefungiwa chuo kimoja akakabidhiwa shule za nchi nzima. Aliaga dunia mwaka wa 1981.

Wengi humkumbuka kama mwandani wa Kenyatta katika siasa. Hata hivyo, kwa wanataaluma wa ualimu, Githunguri ndiyo kazi yake iliyo nzito zaidi. Uzamili wake haukuishia kuwa pambo la jina. Katika muda wa miaka mitatu tu baada ya kuupata, ulikuwa umegeuka madarasa ambamo walimu wengine walifunzwa.