Mama Daktari: Rubani aliyepeleka tiba jangwani huku akificha siri nzito

KWA zaidi ya miaka 30, mlio wa ndege ndogo ya injini moja ulikuwa habari njema kwa wakazi wa visiwa vya Lamu na vijiji vya kaskazini mwa Kenya.

Kina mama waliwabeba watoto wenye homa, wazee wakashikwa mkono, na wachungaji wakaacha mifugo yao. Wote walielekea mahali ndege ilipotua, kwani walijua kuwa Mama Daktari amewasili.

Jina lake halisi lilikuwa Anne Spoerry. Alikuwa daktari, mkulima na rubani, mwanamke wa maneno machache na amri nyingi, ambaye hakupenda kupoteza wakati wala kubembeleza mtu.

Wagonjwa wake walimfahamu kwa kazi ya mikono yake. Jambo ambalo hawakulijua ni kilichomtoa kwao Ulaya na kumleta Afrika, na siri hiyo hakuitoboa hadi alipoingia kaburini.

Alizaliwa Mei 13, 1918, mjini Cannes, Ufaransa, katika familia tajiri ya wenye viwanda vya nguo iliyokuwa na asili ya Uswisi na makao yake Mulhouse, eneo la Alsace. Ndugu yake, François, alikuja kuwa msanifu majengo mashuhuri.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1939, Anne alikuwa akisomea udaktari jijini Paris. Wajerumani walipoiteka Ufaransa, yeye na ndugu yake walijiunga na harakati za siri za kuwapinga wavamizi hao.

Mnamo 1943 walikamatwa. Anne alizuiliwa katika gereza la Fresnes, karibu na Paris, na mapema mwaka wa 1944 akasafirishwa hadi Ravensbrück, kambi ya mateso ya wanawake iliyokuwa kaskazini mwa jiji la Berlin.

Huko alipelekwa katika jengo nambari 10, walikofungiwa wagonjwa wa kifua kikuu na wanawake waliorukwa na akili. Msimamizi wa jengo hilo alikuwa mfungwa mwenzao, Carmen Mory, raia wa Uswisi aliyeogopwa kwa ukatili wake.

Anne, aliyejiita Claude, akawa mtu wa karibu mno wa Mory.

Baada ya vita, wafungwa walionusurika walitoa ushahidi wa kutisha. Walisema mwanafunzi huyo wa udaktari aliwapiga wagonjwa, akawamwagia maji baridi, na hata kushiriki katika kuwadunga sindano za kuwaua.

Hata hivyo, wapo pia waliosimulia kwamba alipohamishwa kutoka jengo hilo na kuepukana na Mory, alibadilika na kuwahudumia wafungwa wenzake kwa moyo.

Mory alihukumiwa kifo na mahakama ya Uingereza mjini Hamburg mwaka wa 1947, lakini akajiua kabla ya kunyongwa.

Kwa upande wake, Anne alifikishwa mwaka wa 1946 mbele ya baraza la heshima la Wafaransa waliopigania ukombozi wa nchi yao. Baraza hilo lilimpata na hatia na kuamua kuwa asiishi Ufaransa kwa miaka 25.

Akiwa amefungiwa mlango wa nyumbani, alisomea maradhi ya nchi za joto mjini Basel, Uswisi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikwenda kufanya kazi Aden, na kutoka huko akavuka bahari hadi Kenya, iliyokuwa ingali chini ya utawala wa Mwingereza.

Alifanya makao Ol Kalou, eneo lenye baridi lililokuwa limetwaliwa na walowezi, akawa daktari na mkulima. Hakuna aliyemuuliza alikotoka, naye hakusimulia.

Kenya ilipojinyakulia uhuru mwaka wa 1963, walowezi wengi waliuza mashamba yao na kuondoka. Daktari huyo alibaki. Akiwa na umri wa takriban miaka 45, wakati wengi huanza kupunguza mwendo, aliamua kujifunza urubani.

Uamuzi huo ulimkutanisha na Michael Wood, daktari wa upasuaji ambaye mwaka wa 1957, pamoja na wenzake Archibald McIndoe na Tom Rees, alikuwa ameanzisha huduma ya madaktari wa angani. Shirika hilo, lililofahamika kwa miaka mingi kama AMREF, sasa linaitwa Amref Health Africa.

Wazo lao lilikuwa jepesi kueleza lakini gumu kutekeleza. Hospitali zilikuwa chache na ziko mbali, barabara zilikuwa mbovu, na mgonjwa angeweza kufa njiani akiwa juu ya ngamia au ndani ya mashua. Basi ikiwa mgonjwa hawezi kumfikia daktari, daktari na amfuate mgonjwa.

Dkt Spoerry alijiunga nao katikati ya miaka ya 1960. Kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, alikuwa akipaa na dawa, chanjo na vifaa vyake kuelekea Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, North Horr na Marsabit. Safari nyingine zilimpeleka pwani, hadi Faza, Kiwayu na Kiunga karibu na mpaka wa Somalia.

Ndege yake aina ya Piper ilifahamika kwa jina Zulu Tango, kutokana na herufi za mwisho za usajili wake. Mara nyingi aliiendesha peke yake juu ya nyika ambako rubani akipotea hana wa kumuuliza njia.

Akishatua, kliniki ilifunguliwa papo hapo. Kivuli cha mti, au cha bawa la ndege, kilitosha kuwa chumba cha daktari. Watu walipanga foleni. Huyu akang'olewa jino, yule akapewa dawa ya malaria, na watoto wakachanjwa dhidi ya maradhi kama vile polio na surua.

Thamani ya kazi hiyo ilikuwa katika kurudi. Chanjo nyingi hazikamiliki kwa sindano moja, na mgonjwa wa kifua kikuu hawezi kupona kwa dawa za siku mbili. Kwa hivyo alifuata ratiba yake kwa ukali, mwezi baada ya mwezi, na mgonjwa aliyekosa kufika alikaripiwa vikali.

Mnamo 1994 alichapisha kwa Kifaransa kitabu cha maisha yake, kilichobeba jina hilo la Mama Daktari. Alieleza mengi kuhusu ndege, wagonjwa na mashamba. Kuhusu Ravensbrück, alipita kama apitaye juu ya makaa. Hata rafiki zake waliothubutu kumdadisi walinyamazishwa.

Alifariki jijini Nairobi mnamo Februari 2, 1999, akiwa na umri wa miaka 80, na akazikwa katika kisiwa cha Lamu alichokipenda.

Siri ya mtungi, wahenga walisema, aijuaye ni kata. Lakini mtungi huu ulipasuka. Mnamo 2018 mwandishi Mmarekani John Heminway, aliyemfahamu Mama Daktari kwa miaka mingi, alichapisha kitabu kilichofichua kwa kina ushahidi uliotolewa dhidi yake baada ya vita.

Habari hizo ziliwagawanya waliomfahamu. Kuna wanaoamini kuwa alikuwa msichana aliyetawaliwa na mwanamke katili, mahali ambapo kila pambazuko lilikuwa bahati. Wengine wanakumbusha kwamba wafungwa wengine walipitia mateso yayo hayo na hawakumwinulia mgonjwa mkono.

Iwapo kazi yake nchini Kenya ilikuwa toba, hakuwahi kutamka hivyo. Pengine ndiyo sababu hakukubali kustaafu, akaendelea kuruka hata uzeeni.

Watoto aliowachanja chini ya bawa la Zulu Tango sasa ni watu wazima wenye wana na wajukuu, na shukrani zao ni za haki. Wagonjwa wa jengo nambari 10 hawakupata nafasi ya kuzeeka, wala ya kuulizwa kama wamemsamehe.