Tabari: Aliondoka kwao na miaka 12 kusaka elimu

Hebu fikiria una miaka 12, halafu unafunga virago kwenda kusoma mbali. Ndivyo alivyofanya Muhammad ibn Jarir al-Tabari, aliyezaliwa Amul, kaskazini mwa Iran, mwaka 839. Alipofika miaka saba, tayari alikuwa amehifadhi Kurani.

Alianzia Rayy, kisha akaenda Baghdad akitamani kusomeshwa na Ahmad ibn Hanbal. Kumbe mwalimu huyo alikuwa ameshafariki, mwaka 855! Jamaa hakukata tamaa. Alizunguka Basra, Kufa, Sham hadi Misri. Inasimuliwa kwamba pesa za babake zilipochelewa, aliuza mikono ya kanzu yake apate chakula.

Hatimaye alitulia Baghdad, akifundisha na kuandika. Historia yake ya mitume na wafalme inafika mwaka 915. Kwa Kiingereza imejaza juzuu 40. Mbinu yake? Tukio moja aliliwekea masimulizi kadhaa, hata yanayokinzana, akitaja nani alisikia kwa nani. Uamuzi alimwachia msomaji.

Kusema alichoamini kulimgharimu. Alimwona Ibn Hanbal kuwa bingwa wa hadithi, si wa sheria. Wafuasi wa imamu huyo wakaja juu, nyumba yake ikapigwa mawe. Bado aliendelea kuandika.

Alifariki Baghdad mwaka 923, bila mke wala mtoto. Lakini hadi leo, anayechunguza karne tatu za kwanza za Uislamu hawezi kumruka. Nawe ukitumiwa habari moto kwenye simu, uliza swali lake: imetoka kwa nani?