Tewodros na Bei ya Mateka

Wazee wa Meru husimulia kwamba katika vita vya zamani vya kunyang'anyana ng'ombe, shujaa aliyezidiwa nguvu aliweza kuinusuru roho yake kwa kuahidi mifugo. Baba yake aliitoa, kijana akarudishwa nyumbani. Serikali za leo huliona jambo hili kwa jicho jingine. Mwaka 2016, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha mswada wa kuizuia serikali kuilipa Iran kikomboleo, ingawa haukupata kuwa sheria. Hoja ya kwamba malipo huzaa utekaji mwingine ina uzito. Hata hivyo, kukataa nako kuna bei yake, na mtu aliyeidhihirisha ni Mfalme Tewodros wa Pili wa Ethiopia, nchi ambayo msafiri atokaye Meru huifikia kwa kupitia Isiolo, Marsabit na Moyale.

Alizaliwa yapata mwaka 1818 huko Qwara, akaitwa Kassa. Hakulelewa ili arithi kiti. Alikipata kwa upanga, akatawazwa mwaka 1855. Shabaha yake ilikuwa kuiunganisha nchi iliyogawanyika na kuipatia silaha na mafundi. Mwaka 1862 alimwandikia Malkia Victoria barua ya kuomba msaada. Barua ilifika London, ikawekwa kando bila jibu. Kwa mfalme mwenye fahari kama yule, kimya hicho kilikuwa tusi. Mwaka 1864 alimtia pingu balozi mdogo wa Uingereza, Charles Cameron. Mjumbe Hormuzd Rassam, aliyeleta jibu mwaka 1866, naye akazuiliwa.

Kikomboleo alichotaka Tewodros hakikuwa dhahabu, bali mafundi na mitambo. Waingereza waliviandaa, vikafika Massawa pwani ya Bahari ya Shamu, kisha wakavizuia huko mpaka mateka waachiliwe kwanza. Kila upande ukamngoja mwenzake. Sitaki kumtakasa Tewodros: kufikia wakati huo alikuwa amewaua raia wake wengi, na maasi yalikuwa yamempokonya sehemu kubwa ya nchi. Lakini pale Massawa ndipo mlango wa mwisho wa amani ulipofungwa.

Bunge la Uingereza liliidhinisha pauni milioni 2 kwa ajili ya vita. Jenerali Robert Napier alishuka pwani mwezi Januari 1868 na askari wapatao 13,000, pamoja na tembo wa kubebea mizinga. Gharama ilipanda hadi karibu pauni milioni 9. Baada ya kushindwa Aroge tarehe 10 Aprili, Tewodros aliwaachilia mateka. Hilo halikutosha, tarehe 13 ngome ya Magdala ilivamiwa, naye akajiua kwa bastola. Askari walipora taji, vitabu na tabo za makanisa.

Mwanawe Alemayehu, mtoto wa miaka 7, alichukuliwa Uingereza, akafia huko mwaka 1879 na kuzikwa Windsor. Waethiopia wameomba mabaki yake yarudishwe. Mwaka 2023 kasri la mfalme lilikataa.