Sam Pollock, mzee aliyenunua zamu za wenzake

Pale Ikwiriri wiki hii kijiweni hakuna habari nyingine. Timu ya mtaa imeingia nusu fainali, zawadi ya bingwa ni ng'ombe, na kamati imegawanyika katikati kama papai. Upande mmoja unataka zile hela zilizochangwa kwa ajili ya viatu na mazoezi ya vijana wa chini ya miaka 17 zitumike kuleta mamluki watatu kutoka Dar: nauli, posho, na wali wa kuku siku ya mechi. Washuke stendi, wacheze, wapande basi la jioni warudi zao. Upande wa pili unauliza, ng'ombe tukishamla, msimu ujao tunacheza na nani?

Nilikaa na kikombe changu nikasikiliza mpaka kashata zikaisha. Muda wote nilikuwa namfikiria mtu mmoja ambaye hakuwahi kufika Rufiji na wala hakucheza mpira tunaoujua sisi. Jina lake Sam Pollock, raia wa Kanada, aliyefariki Agosti 15, 2007 akiwa na miaka 81. Mchezo wake ulikuwa mpira wa magongo wa kwenye barafu. Najua, kwetu barafu ni ya kuwekea kamba na samaki wasiharibike njiani. Lakini vumilia kidogo, maana huyu mzee ndiye aliyeichezea hesabu ya mamluki kuliko kiongozi yeyote wa michezo ninayemfahamu.

Pollock alizaliwa Montreal siku ya Krismasi, mwaka 1925. Hakuwa mchezaji wa kulipwa hata siku moja. Mwaka 1947 akaingia klabu ya Montreal Canadiens, na kazi aliyopewa ni ile ambayo viongozi wengi huikwepa: kulea timu za vijana. Alikaa huko miaka 17. Vijana wake wakabeba Kombe la Memorial, ambalo ndilo kubwa kwa vijana wa Kanada, mwaka 1950 na tena 1958. Basi alipokabidhiwa umeneja mkuu wa klabu mwaka 1964, akiwa na miaka 38, alikuwa anamjua kila kijana mwenye gongo mkononi kuanzia mashariki mpaka magharibi ya nchi. Na aliwafuata kwa gari na treni, kwa sababu ndege alikuwa anaiogopa.

Hapa lazima nieleze jinsi wenzetu wanavyosajili, la sivyo hadithi haitaeleweka. Kule kijana hajiendei tu kwenye klabu aipendayo. Kila mwaka ligi inawakusanya vijana waliofikia umri, halafu klabu zinachagua kwa zamu. Enzi zile iliyoshika mkia ndiyo iliyokuwa inaanza kuchagua, bingwa anasubiri mwisho. Nia ni kwamba mnyonge apate nafuu. Sasa ujanja umo hapa: zamu yako ni mali yako, unaweza kuiuza. Unaweza kumwambia jirani nipe straika mzoefu leo, mimi nitakupa zamu yangu ya mwaka kesho, au, enzi zile, hata ya miaka minne ijayo.

Mwaka 1967 ligi ikapanuka, kutoka timu sita zikawa 12. Zile sita mpya zilianza na wachezaji waliobaki kwa wenzao, na mashabiki wao walikuwa wanataka ushindi Jumamosi hii hii, siyo mwaka kesho. Pollock akaona biashara. Benchi lake lilikuwa limejaa wachezaji wazuri wasio na nafasi. Akawa anawauzia wageni hao watu wa kucheza leo, yeye anachukua zamu zao za kesho.

Walioumia zaidi ni California Golden Seals, timu ya Oakland kule Marekani. Tusiwacheke haraka. Walikuwa wamefuzu hatua ya mtoano misimu miwili mfululizo, 1969 na 1970, kwa hiyo walijiona wamebakiza hatua moja tu. Ni hali ile ile ya timu iliyoingia nusu fainali kwa mara ya kwanza. Mei 1970 wakampa Pollock zamu yao ya kwanza ya mwaka 1971, pamoja na beki François Lacombe na fedha. Wao wakapata mshambuliaji Ernie Hicke na zamu ya Montreal ya mwaka ule ule wa 1970. Hicke hakuwa garasa, msimu huo alifunga mabao 22. Lakini timu nzima ilishinda mechi 20 ikapoteza 53. Wakashika mkia wa ligi yote. Maana yake ile zamu waliyoiuza imegeuka kuwa zamu namba moja.

Na mwaka 1971 aliyekuwa anasubiriwa ni Guy Lafleur, kijana wa Quebec aliyekuwa amefunga mabao 130 katika msimu mmoja wa vijana. Mia na thelathini, ndugu msomaji, siyo makosa ya uchapaji.

Kuna kisa wapenzi wa mchezo ule wanakipenda sana. Wanasema katikati ya msimu Seals na Los Angeles Kings walikuwa wanakimbizana mkiani, na Pollock akaogopa kwamba Kings ndio watamaliza wa mwisho wapate zamu ya Lafleur. Basi Januari 1971 akawapelekea Kings kiungo wake mkongwe, Ralph Backstrom, kwa bei ya kutupa, ili wapate nguvu ya kupanda. Backstrom alienda kweli, na Kings walimaliza juu ya Seals kweli. Ila Backstrom mwenyewe alikuwa ameshachoka kukaa Montreal na anataka kuondoka, kwa hiyo mimi nadhani kisa kimeongezwa chumvi kidogo. Mzee aliua ndege wawili, basi.

Lafleur akaja Montreal. Hapa ndipo nawaomba wale wa kamati watulie, maana vijana hawaivi kwa siku moja. Msimu wa kwanza alifunga 29, wa pili 28, wa tatu 21. Anashuka! Ingekuwa huku kwetu angeshazomewa, jina lake limeimbwa kwa kejeli, na kocha ameambiwa amtoe kwa mkopo. Pollock hakumuuza. Msimu wa nne Lafleur akafunga 53, na kuanzia hapo akafikisha 50 au zaidi misimu sita mfululizo, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yake katika ligi ile.

Wakulima wa bonde la Rufiji hesabu hii hawahitaji kufundishwa na Mkanada. Maji ya mafuriko yakishashuka, udongo ukiwa bado una unyevu, ndiyo saa ya kupanda mlau. Aliyekula mbegu yake wakati wa njaa anakaa ukingoni anamtazama jirani akipanda. Na huwezi kumlaumu, njaa ni njaa. Seals nao walikuwa na njaa. Kings pia, maana zamu iliyompa Pollock mfungaji Steve Shutt mwaka 1972 ilikuwa ya kwao. Huyo Shutt msimu wa 1976-77 alifunga mabao 60, na Montreal wakapoteza mechi nane tu kati ya 80.

Lakini msimfanye Pollock kuwa mtume wa vijana. Wale wa upande wa pili kijiweni wangemsikia nusu tu ya maisha yake wangefurahi kabla ya wakati. Januari ile ile ya 1971, katika kile sisi tungekiita dirisha dogo, alimchukua Frank Mahovlich kutoka Detroit, mtu mzima wa miaka 33. Akatoa wachezaji watatu, mmoja wao Mickey Redmond, kijana mwenye miguu ya moto. Redmond akaenda Detroit akafunga mabao 52 msimu mmoja na 51 uliofuata. Kwa hesabu ya miaka, Pollock alitoa mali. Ila Mei 1971 Montreal ikabeba Kombe la Stanley, na aliyeongoza kwa mabao kwenye mtoano ni huyo huyo Mahovlich, mabao 14. Golini alikuwa kijana Ken Dryden, aliyecheza mechi sita tu za ligi kabla ya mtoano kuanza. Na Dryden naye Montreal walimpata 1964 kutoka Boston, siku chache tu baada ya Boston kumchagua, kwa kubadilishana na vijana wawili ambao hawakuja kucheza hata mechi moja ya ligi kuu.

Tofauti naiona hivi. Pollock alikuwa na nyumba iliyokwisha kujengwa, akanunua bati moja lililopungua. Seals hawakuwa na ukuta, wakanunua bati. Kwa hiyo swali la Ikwiriri kwangu siyo mamluki ni halali au haramu. Swali ni timu yetu imepungukiwa watu wangapi? Kama ni kipa tu, kwa sababu wetu ameumia kidole, mleteni kipa, mlipeni kwa mchango mpya, na viatu vya watoto viacheni. Kama mnahitaji watatu wa katikati ya uwanja, basi hiyo nusu fainali tumeingia kwa bahati, na mamluki hawatatufikisha mbali. Nimeyasema haya kijiweni nikaambiwa nimeshazoea mambo ya mjini. Kura inapigwa Ijumaa.

Kuhusu Seals, yalikwisha hivi: mwaka 1976 wakahama Oakland kwenda Cleveland na kubadili jina, na mwaka 1978 wakaunganishwa na timu ya Minnesota. Mpaka leo hakuna aliyebeba kombe kwa jina lao. Mwaka huo huo wa 1978 wamiliki wa Montreal waliiuza klabu, na Pollock akaachia ngazi akiwa na mataji tisa katika misimu 14. Akaingia kwenye biashara, miaka ya mwisho ya kazi akawa kiongozi wa klabu ya besiboli ya Toronto.

Aliacha zawadi moja kabatini. Mwaka 1976 alikuwa amekubaliana na timu ya Colorado kubadilishana zamu za mwaka 1980, miaka minne kabla. Colorado wakashika mkia, na zamu ya kwanza ikawa ya Montreal, mabingwa wa juzi tu. Vijana waliokuwa wanasubiri kuchaguliwa walikuwa wadogo wa miaka 14 na 15 mzee alipoweka sahihi. Warithi wake wakamchagua Doug Wickenheiser, mtu wa mbali. Wakamwacha Denis Savard, aliyekulia pale pale Montreal. Chicago wakamchukua katika zamu ya tatu, na huko akawa nyota mkubwa.