Thénard: Mchunga Chungu Aliyetuachia Maji ya Povu

Mchunga ngamia wa Garissa achomwapo na mwiba wa mgunga, akaja mjini hali kidonda kimeingia vumbi, yumkini mganga wa zahanati atamtilia matone machache kutoka kichupa cha rangi ya hudhurungi. Papo hapo kidonda hufura povu jeupe kama la sabuni. Povu hilo tunalijua sote, wa Wajir na Mandera hata sisi wa Lamu na Mombasa. Lakini ni wachache wamjuao aliyeyavumbua maji hayo. Ni Louis Jacques Thénard, Mfaransa aliyefariki mwaka 1857.

Thénard alizaliwa tarehe 4 Mei 1777 katika kijiji cha La Louptière, mtoto wa mkulima. Angali kijana alikwenda Paris kutafuta elimu ya madawa. Akabisha hodi kwa Vauquelin, bingwa wa kemia, lakini mfukoni hamna kitu, na bingwa alikuwa karibu kumrudisha. Yasimuliwa kwamba dada zake Vauquelin ndio waliomwombea, kwa hoja kuwa angalau angewaangalizia chungu jikoni. Basi akaingia kwa mlango huo, akiosha chupa na kuchunga chungu, huku sikio lake liko darasani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kuinama kule kulimlipa. Mwaka 1802 alitengeneza rangi ya buluu ya bei nafuu. Mwaka 1804 Vauquelin mwenyewe alimwachia kiti chake cha ualimu. Mwaka 1818 akavumbua maji yetu ya povu, ambayo wataalamu huyaita haidrojeni peroksaidi. Akaona na ajabu moja: nyama ya mnyama, kama vile figo au pafu, ikiguswa na maji hayo hutoa hewa ya oksijeni, nayo nyama isigeuke. Aliyaandika aliyoyaona, sababu yake hakuijua.

Mwaka 1825 nusura afe mbele ya wanafunzi wake. Alikunywa dawa ya zebaki, sumu kali, akidhani ni maji ya sukari. Hakupiga mayowe, aliwaarifu kosa lake, akaagiza mayai mabichi, na ute wake ukamwokoa.

Jibu la ile ajabu lilikamilika zaidi ya miaka 100 baada ya kufa kwake. Ndani ya chembe hai za miili yetu mna vifuko vidogo mno, vingi zaidi katika ini na figo. Mwaka 1965 Mbelgiji Christian de Duve aliviita peroksisomu, jina litokanalo na peroksaidi ile ile ya Thénard. Kazi yao mojawapo ni kuvunjavunja mafuta magumu ambayo sehemu nyingine za chembe haziyawezi. Katika kazi hiyo huzaliwa peroksaidi, nayo ni sumu. Lakini humo humo mna kimeng'enya kiitwacho katalesi, kinachoigeuza mara moja kuwa maji na oksijeni. Chembe na damu zinapomwagika kidondani, katalesi hukutana na dawa. Ndilo povu hilo.

Wala si jambo dogo. Mtoto azaliwaye na maradhi ya Zellweger, ambaye vifuko hivyo havikuumbika sawasawa, huharibika ubongo na ini, na aghalabu hamalizi mwaka mmoja.

Hata dawa yenyewe ina mipaka. Madaktari wa leo hutuonya tusiitie ovyo kila siku, kwani huunguza pia nyama changa inayotaka kupona. Vidonda vingi vidogo hutoshwa na maji safi na sabuni.

Thénard alipewa cheo cha ubaroni, na jina lake limechorwa katika mnara wa Eiffel. Lakini lililo bora kulikumbuka ni hili: mwaka ule ule aliofariki, alianzisha chama cha kuwasaidia wataalamu waliopatwa na dhiki, pamoja na jamaa zao. Mchunga chungu hakuusahau mlango aliofunguliwa.