Mzee aliyekunywa kipindupindu kwa makusudi

Leo nawaletea habari za mzee mmoja Mjerumani, Max von Pettenkofer. Nilianza kumfuatilia kwa sababu ya kituko kimoja tu: tarehe 7 Oktoba 1892, akiwa na miaka 73, alikunywa kwa makusudi vijidudu vya kipindupindu. Nikajua huyu kichaa. Kumbe mambo ni mazito kuliko nilivyodhani.

Jamaa alizaliwa 1818 kijijini Bavaria, mtoto wa mkulima. Akalelewa mjini Munich na ami yake, mfamasia wa mfalme. Ujana ulimpanda kichwani, akatoroka akawe mwigizaji wa jukwaani! Baadaye akarudi shule, na 1843 akamaliza udaktari na ufamasia.

Hapo ndipo ninapompendea: hakukaa chumba kimoja. Leo yuko kwenye chakula, anachemsha nyama mpaka ibaki rojo nzito ya kutengenezea supu kwa ajili ya wagonjwa. Kesho anapima hewa ya vyumba. Mwaka 1858 alisema kaboni dioksidi ikizidi sehemu 1 kwa 1,000, chumba hicho hakifai kukaa watu. Halafu yeye na mwenzake Carl Voit wakawa wanamfungia mtu kwenye chumba maalumu, wanapima anachokula na hewa anayotoa, wajue mwili unatumiaje chakula. Mwaka 1865 akawa profesa wa somo la usafi na afya ya jamii.

Kuhusu kipindupindu, yeye aliamini kijidudu peke yake hakitoshi kuua. Lazima kwanza kikute ardhi chafu yenye unyevu. Kwa hiyo akawakomalia wakubwa wa Munich wajenge mifereji ya majitaka na kuleta maji safi. Mwaka 1873 aliwapigia hesabu kabisa, kwamba wagonjwa wanaligharimu jiji hela nyingi. Wakubwa ukiwaambia hela wanaelewa haraka! Maji ya chemchemi kutoka bonde la Mangfall yalifika 1883, na homa ya matumbo ikapungua sana.

Sasa tatizo. Robert Koch alikuwa ameshaonyesha kwamba kijidudu kinasafiri ndani ya maji ya kunywa. Mzee akagoma. Mwaka 1892 Hamburg ilikuwa bado inakunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na walikufa zaidi ya watu 8,000. Mji jirani wa Altona, uliokuwa unachuja maji yake, uliumia kidogo tu. Ushahidi ulikuwa nje nje. Yeye akaona dawa ni kunywa vile vijidudu. Akaharisha tu, akapona, akajiona ameshinda. Msaidizi wake Emmerich naye alikunywa, akaugua zaidi.

Mwisho wake unauma. Alifiwa na mke na watoto kadhaa, na Februari 1901 akajiua kwa bastola, akiwa na miaka 82.

Mimi naona hivi: nadharia yake ilikosea, lakini mabomba aliyoyapigania yaliokoa watu. Ila ubishi wake nao ulikuwa na hatari, maana kuna wakubwa waliochelewa kuchuja maji huku wakiegemea maneno yake. Msomi akibisha na ushahidi, anayelipa ni mwananchi mwenye ndoo.

Nyie mnasemaje, shujaa au mbishi? Mwageni maoni hapo chini.